Jibu: Vidoa vyeusi kwenye picha za hadubini ya elektroni
Salaam mkuu. Kwa hiyo unasema vidoa vyeusi vinajitokeza kwenye picha zako baada ya kuitia sampuli rangi za urani na risasi (metali nzito zinazoifanya ionekane vizuri), na kuosha zaidi hakujasaidia. Kabla ya yote, tazama gridi moja (kiwavu kidogo cha metali kinachobeba kipande cha sampuli) ambayo hukuitia rangi. Ikiwa nayo inavyo, achana na rangi. Tatizo limeanzia nyuma, kwenye osmiamu (kemikali ya kuhifadhi sampuli) au bafa (mmumunyo wa kudhibiti asidi). Ikiwa gridi hiyo ni safi, mshukiwa wangu ni risasi iliyokutana na hewa ya ukaa ikaganda kuwa chembe. Mimi huweka punje za hidroksidi ya sodiamu kwenye sahani ya petri, nafunika, nasubiri kidogo zinyonye hewa hiyo, ndipo nadondosha sitrati ya risasi (ile rangi ya risasi). Maji ya kuoshea yachemshe ili hewa hiyo itoke, yapoe yakiwa yamefunikwa. Na usipige soga juu ya sahani: pumzi yako tu inatosha kuharibu gridi zote.