Huyo wa Texas si kasuku, ni ukoo wa kunguru

Mkuu, ndege wa kwenye picha aliyokutumia shemeji yako kutoka kusini mwa Texas si kasuku aliyetoroka tunduni. Ni jei wa kijani, Cyanocorax luxuosus kwa jina la kisayansi, binamu kabisa wa kunguru.

Hata mimi niliingia mkenge. Siku ya kwanza kumwona, pale hifadhi ya Bentsen karibu na mto Rio Grande, nilimwambia mwenyeji wangu kwa kujiamini, "Kasuku yule!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kilichoniponza ni rangi. Tazama mdomo: mweusi, mnene, umenyooka, haukupinda kama ndoano. Kichwa buluu, koo na kifua vyeusi tii kama amevaa barakoa, mgongo kijani. Akiruka usiangalie kingine, angalia mkia tu. Manyoya ya pembeni ni ya manjano na yanawaka juani. Ana sentimita 27 hivi, kwa hiyo kunguru wetu wa Zanzibar anamzidi mbali. Wa Texas macho yake ni meusimeusi. Yule wa milima ya Andes, mwenye macho ya manjano na kishungi juu ya mdomo, wengi humhesabu spishi nyingine.

Ukunguru wake utauona kwenye chakula. Pale huwa wanawawekea machungwa yaliyokatwa nusu na karanga. Walishuka sita kwa kelele, mmoja akabeba karanga, akaifukia chini ya majani, akageuka huku na huku kama mtu anayeficha hela mbele ya wajomba.

Kilichonivutia zaidi ni mambo ya nyumbani kwao. Vijana wa mwaka jana hubaki kwa wazazi, wanasaidia kufukuza wavamizi, ila kulisha wadogo zao hawalishi. Wadogo wakishatoka kiotani, baba anawatimua wakubwa. Wenzao wa Kolombia wana adabu kidogo, wao hulisha.

Kama shemeji yuko San Antonio, afungue macho zaidi. Mwaka 2023 watafiti walimnasa huko chotara, baba jei wa buluu, mama huyu wa kijani. Mwambie akimwona tena apige picha ya mkia umefunguka, aitupie humu.