Lundo halipati moto: maswali ya wanaojifunza kilimo hai Bagamoyo

Lundo langu la mboji lina wiki mbili na bado ni la baridi. Nimetumia makuti na majani ya mikorosho. Nimekosea wapi? (Kiwangwa)

Umejaza makavu matupu. Vijidudu vinavyoozesha vinataka na vibichi, pamoja na samadi. Lipangue, ulijenge upya lisipungue mita 1 kila upande, maana lundo dogo halitunzi joto. Chini weka vijiti vya kupitisha hewa. Fuatisha makavu yaliyokatwakatwa, unene wa shubiri moja, kisha magugu mabichi kiasi hichohicho, halafu samadi ya vidole vitatu na udongo kidogo wa kunyunyizia. Mwagia maji kila tabaka. Ukingoja mwisho, maji yatateleza juu ya makuti na ndani kubaki kukavu. Rudia mpaka lifike kifuani, ufunike kwa majani ya migomba, kwani upepo wa bahari na jua hulikausha.

Chomeka mti mrefu hadi katikati. Siku ya nne uchomoe, uushike. Ukiwa moto, kazi imeanza. Ukiwa baridi na mkavu, ongeza maji. Ukiwa baridi, umelowa na unanuka uvundo, maji yamezidi: pangua lipate hewa. Harufu ya mkojo inayochoma pua ni samadi au vibichi kuzidi, changanya makavu. Baada ya wiki tatu geuza, ya nje yaingie ndani. Kwa miezi mitatu hivi utapata mboji. Njiti za makuti zitakuwa bado, zirudishe kwenye lundo jipya.

Nyanya zimedumaa, na mchana zinanyauka ingawa namwagilia. Niling'oa moja, mizizi ina vinundu. Si ndivyo vinavyotengeneza mbolea, kama vya kunde? (Zinga)

Sivyo. Kinundu cha kunde kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukikisugua kwa kidole kinabanduka, na ukikipasua ndani ni chekundu. Hivyo vyako ni mzizi wenyewe uliovimba, kazi ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi, ambayo hupenda udongo wa kichanga kama wa huko. Ng'oa na mizizi yote, uchome moto, usiitupe kwenye mboji. Hapo usirudishe nyanya, bamia wala biringanya. Panda marejea (mmea wa mbolea ya kijani), uyafukie yanapoanza kuchanua. Na uoshe jembe kabla ya kuhamia tuta jingine. Wengi huihamisha minyoo hiyo wenyewe kwa jembe.

Nimepiga mwarobaini asubuhi, jioni viwavi bado wako hai. Ni feki? (Kerege)

Mwarobaini hauui papo hapo. Humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba, kwa hiyo angalia matundu mapya kwenye majani, si mizoga. Twanga mbegu kavu nusu kilo, loweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa ili bomba lisizibe, tia sabuni ya maji kidogo ishike jani. Piga jioni, kwa sababu jua huharibu nguvu yake, na upige hadi upande wa chini wa majani. Tumia siku hiyohiyo. Rudia baada ya siku 7.

Mwani uliotupwa ufukweni unafaa kwa matandazo? (Kaole)

Unafaa, ukishaoshwa chumvi. Uanike kwenye mvua ya masika, au usuuze mara mbili kwa maji ya kisima. Ila yaonje kwanza hayo maji: visima vya karibu na bahari vingine navyo vina chumvi.