Unakwenda kwa nani?

Swali hilo niliulizwa kabla treni haijaiacha Dar es Salaam vizuri. Nilikuwa daraja la pili kwenye TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, chumba cha vitanda sita, wanawake watupu, maana humo wanaume hulala kwao na wanawake kwao. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anarudi Tunduma alinitazama, akalitazama begi langu la mgongoni, akauliza: "Mwanangu, unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia siendi kwa mtu, natembea tu. Zambia, halafu Malawi, halafu Msumbiji, miezi minne Mungu akipenda. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa: "Na nyumbani wanajua?"

Siku ile nililiona swali lake ni umbeya wa safarini. Leo naamini ndilo swali la maana kuliko yote niliyoulizwa njiani, na kama unawaza kuacha kazi kwa miezi kadhaa, ubebe begi uvuke mipaka, ningependa uondoke ukiwa unalijua. Habari za viatu na dawa za mbu utazipata kwingine. Mimi nataka kuzungumza habari za watu.

Swali lenyewe lilinifuata kila niliposhuka. Lusaka niliulizwa kwa Kiingereza, Chipata kwa Kinyanja, Lichinga kwa Kireno. Mipakani walikuwa na namna yao ya kuliuliza: "Mzigo uko wapi? Unafanya biashara gani?" Kijana wa Kizungu mwenye begi kama langu alipigiwa muhuri akapita. Mimi, mwanamke Mwafrika asiye na marobota wala ndugu wa kumfuata, nilibaki dirishani najieleza. Mwanzoni iliniuma sana. Baadaye nikaelewa kwamba kwa watu wetu msafiri ni mgeni wa fulani, na huyo fulani ndiye atakayeitwa ukiugua, ukigombana, ukifa. Ukiwa huna fulani, wenye huruma ndio wa kwanza kuingiwa na wasiwasi. Wanapokuuliza wanatafuta pa kukuweka.

Kwa hiyo kuwa na jibu, na liwe la kweli. Mimi nilizoea kutaja gesti nitakayofikia. Nisipokuwa nayo, kazi yangu ya kwanza nikishuka stendi ilikuwa kumpata huyo fulani. Siulizi madereva wala vijana wanaogombea mizigo. Natafuta mwanamke mwenye meza yake ya nyanya au sufuria yake ya chakula, nanunua, nakula pale pale, ndipo naomba anielekeze pa kulala. Mwenye meza kesho atakuwepo palepale, na soko zima linamjua. Hawezi kumpeleka mtoto wa watu pabaya halafu arudi kuuza. Kwa miezi yote minne sikupelekwa pabaya na hata mmoja wao. Na fika mji mpya jua likiwa bado juu, hata kama itabidi ulale njiani usiku mmoja zaidi.

Nirudi kwenye treni. Reli ile ina kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia, kwa hiyo humo ndani watu wanaishi pamoja. Mchana wa kwanza, watoto wa chumba cha pili wakipiga kelele kila wakiona twiga porini, nilitoa biskuti zangu, nikageukia dirishani, nikaanza kula. Nilidhani ndiyo adabu, nisimsumbue mtu. Yule mama alikuwa ametandika kanga kitandani, juu yake kuku wa kukaanga, mihogo ya kuchemsha, chumvi na pilipili kwenye kikaratasi. Akaniambia bila ukali: "Chakula hakiliwi kwa kuwapa watu mgongo." Akanisogezea paja la kuku. Nikafungua pochi nimlipe, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Nilichukua wiki kadhaa kuelewa nilichokuwa nimefanya. Kulipa papo hapo ni kusema hatudaiani, tumemalizana. Yeye hakutaka tumalizane. Tulikuwa na usiku mzima mbele yetu. Kitu sahihi kilikuwa kuweka biskuti zangu kwenye kanga ile, basi. Jioni niliziweka. Akachukua mbili, akala zote mbili, na najua hakuzipenda.

Sisi tuliosoma na kupata mishahara tumejifunza kutoa, lakini kupokea kunatushinda. Tunaogopa deni. Ukisafiri muda mrefu huna njia ya kulikwepa: utapokea maji, kivuli, nafasi ya kukaa, tafsiri, uji ukiwa na homa. Pokea kwa mikono miwili, ukae nalo hilo deni, ulipe baadaye kwa kitu kingine, pengine kwa mtu mwingine kabisa. Mama yule aliposhuka Tunduma aliniandikia namba ya shemeji yake aliye upande wa pili wa mpaka. "Sasa una mtu Nakonde," akasema. Sikuwahi kuipiga. Lakini tulipoingia Zambia nilikuwa na mtu.

Ndoto yangu ya awali ilikuwa kushuka pwani kwa pwani, Mtwara hadi Msumbiji. Lakini Cabo Delgado kuna vita tangu Oktoba 2017, watu wamechinjwa na kukimbia makwao, na simshauri mtu akatalii kwenye msiba wa wenzake. Ndiyo maana nilizungukia Ziwa Nyasa. Nkhata Bay, Malawi, nikapanda Ilala, meli iliyoanza kazi ziwani humo mwaka 1951, nikashuka Likoma, kisiwa cha Malawi kilichozungukwa na maji ya Msumbiji. Pale pana kanisa kuu la mawe ambalo ukubwa wake hulitegemei kisiwani, lililojengwa na wamisionari wa Kianglikana walewale waliojenga lile la Mkunazini, Zanzibar. Nilipanga kulala siku mbili. Nilikaa kumi na tisa.

Niliyefikia kwake alikuwa bibi mjane anayepangisha vyumba viwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alichokipata Mbamba Bay, upande wa Tanzania, ujanani, na Kinyanja changu kiliishia kwenye muli bwanji na zikomo, hujambo na asante. Siku mbili za kwanza nilikuwa mgeni kamili: maji ya moto ya kuoga, nsima, yaani ugali, na samaki, na kiti kimoja chenye mgongo kilikuwa changu. Tukaongea habari za mvua. Niliuliza maswali mengi, kama nilivyofanya Zambia nzima, na majibu yakawa yaleyale mafupi ya heshima.

Siku ya tatu alfajiri nilimkuta ufukweni anaanika usipa, wale dagaa wa Nyasa, kwenye vichanja vya matete virefu kuliko nyumba yake. Nikavua viatu, nikaanza kusaidia. Alinikataza mara moja. Mara ya pili hakukataza. Usipa mbichi ni mwembamba kuliko kidole cha mwisho, unang'aa kama bati jipya, na ukiulundika unaharibika mapema. Unautawanya kwa viganja mpaka usilaliane, unafika mwisho wa kichanja, unarudi ulikoanzia kuugeuza, na kunguru wako juu yako muda wote. Mikono hunuka hadi kesho yake. Tulifanya kazi muda mrefu bila neno. Kisha, macho yakiwa kwenye samaki, akaanza kunisimulia kuhusu mume wake: jinsi upepo wa mwera ulivyoinuka mchana mmoja, jinsi mtumbwi ulivyorudi na kasia moja. Alisimulia hadi tukafika mwisho wa kichanja cha tatu. Sikumuuliza lolote.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimekua nikiisikia methali hii kama onyo kwa wavivu, na Mwalimu Nyerere aliitumia hivyo, kuhimiza kazi. Pale Likoma niliisikia kutoka upande wa mgeni. Mwenyeji akikuachia jembe amekuruhusu uingie ndani. Kabla ya hapo unaona sebule yake tu, hata mkilala nyumba moja. Tangu siku ile sikungoja kupewa. Nilimenya karanga, nikabeba maji, nikashika mtoto wa mtu mama akisuka. Watu wengi hawawezi kukwambia jambo zito wakiwa wanakutazama usoni. Wape kazi ya mikono na pa kuelekeza macho, watasema wenyewe. Na ili ufike siku ya tatu, lazima ukae. Wenzangu wengi wa mabegi niliokutana nao walikuwa wanahesabu nchi: kumi na mbili kwa miezi mitatu, kumi na tano. Nawaheshimu kwa ujasiri, lakini nadhani walikuwa wanakusanya siku za kwanza.

Watu wabaya je? Wapo, na nisikufiche. Kwenye mpaka mmoja kijana mwenye adabu tele, anayesema Kiswahili safi, aliniita sista akanibadilishia fedha. Alizihesabu mbele yangu, noti moja moja. Mara akashtuka: "Dada, weka haraka, polisi hao." Niliziweka haraka. Ndani ya basi nikagundua noti za katikati zilikuwa zimekunjwa ili zihesabike mara mbili. Karibu theluthi ya fedha haikuwepo. Nililia kidogo, kisha nikaanza kupitisha akilini kila aliyewahi kunidhulumu safarini. Wote walikuwa na kitu kimoja: walinikimbiza. Basi linaondoka, chumba ni cha mwisho, bei ni ya sasa hivi. Walionitendea wema karibu wote waliniambia nikae kwanza. Tangu hapo, mtu akinikimbiza naweka begi chini na kukaa juu yake. Basi likiondoka, liondoke.

Toka Likoma nilivuka kwa boti hadi Cóbuè, upande wa Msumbiji, nikapanda milimani hadi Lichinga, kisha Cuamba, na kutoka Cuamba treni ya mchana kutwa hadi Nampula. Nakumbuka safari ile kwa ajili ya vitunguu. Behewa lilijaa hata kugeuka ilikuwa shida, milima ya mawe matupu inapita nje, na kila stesheni wauzaji wanakimbilia madirishani. Nilikuwa katikati, mbali na dirisha. Mzee mmoja aliona navitazama vitunguu, akanyoosha mkono. Nikampa noti. Noti ikapita mkono kwa mkono, watu wasiojuana wala kunijua, ikatoka nje. Kitita cha vitunguu kikarudi juu ya vichwa. Treni ikaanza kuondoka, nikaisamehe chenji yangu moyoni. Nayo ikaja, mkono kwa mkono, hadi sarafu ya mwisho, na aliyenikabidhi akasema neno ambalo Msumbiji utalisikia kila siku: *estamos juntos*. Tuko pamoja.

Ilha de Moçambique, kisiwa kilichokuwa makao makuu ya Wareno hadi 1898, ndiko nilikopumzika. Watalii hukaa mji wa mawe. Mimi nilipata chumba upande wa Macuti, ambako nyumba ziko chini ya usawa wa barabara kwa sababu mawe ya kujengea ule mji mwingine yalichimbwa palepale. Watu wanaishi ndani ya shimo lililojenga majumba ya mabwana. Nilikuwa nikiosha vyombo na binti wa nyumba, uso wake umepakwa *mussiro* mweupe, kipodozi cha mti wa kusagwa, na tukawa tunaokota maneno: yeye anasema *mesa*, mimi meza, *bandeira*, bendera, *lenço*, leso. Tuliendelea hivyo hadi sufuria zikaisha.

Lakini kabla ya hapo kuna siku sijivunii. Mwezi wa tatu wa safari nilikuwa nimechoka, na uchovu wa safari ndefu hauko miguuni peke yake. Nilikuwa nimeanza kuona muuzaji, dereva, ombaomba. Watu siwaoni tena. Mtoto mmoja alikuja kunisalimia tu, mimi nikamfokea nikidhani anaomba. Alirudi nyuma hatua mbili, akabaki ananitazama. Ukijikuta unaitikia salamu bila kumtazama aliyekusalimia, simama hapo ulipo. Tafuta chumba cha wiki nzima, fua nguo, lala mchana, pika. Usivuke mpaka mwingine ukiwa katika hali hiyo, maana hutawaona walioko ng'ambo pia.

Na ukipiga picha za watu, zisafishe kwenye karatasi uwapelekee. Simu haitoshi, watu wanataka kitu cha kubandika ukutani. Mimi nilisafisha thelathini na moja, na nyingi zilikwenda kwa mikono ya madereva na wavuvi. Ya bibi wa Likoma ilipitia Mbamba Bay kwa ndugu wa mvuvi na ilichukua karibu miezi miwili. Jibu lilikuja kwa sauti kwenye simu ya mjukuu wake, jogoo anawika nyuma. Alisema picha ameipokea, lakini nilimpiga picha kwenye kichanja chenye usipa mdogo, ningengoja ule mkubwa. Kisha akauliza nakuja mwezi gani, ili asikipangishe chumba.