Dada, huyo mdogo wake mwache nyumbani

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Umeuliza mambo matatu. Binti yako asiyeona kamaliza kidato cha sita, kapangiwa chuo Dar, umnunulie kompyuta gani? Kozi ipi ina ajira, sheria au ualimu? Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, unasema utampeleka na mdogo wake wakae chumba kimoja "awe anamshika mkono". Hayo mawili ya kwanza tutayafikia Mungu akipenda. Hilo la tatu limenitoa kijasho chembamba.

Usifanye. Mimi nilifanya.

Kijana wangu alipoteza macho akiwa na miaka minne. Presha ya macho, na hospitali tulichelewa. Shule ya bweni ikamfundisha nukta nundu, akawa anasoma kwa vidole haraka kuliko mimi kwa miwani. Sekondari kachanganyika na wanaoona, darasani anaongoza. Sisi nyumbani tukajua kazi imekwisha. Akija likizo anapokewa kama bwana harusi: maji ya kuoga anapelekewa bafuni, shati anafuliwa, perege anachambuliwa miiba ndipo sahani iletwe. Kafika miaka 19, ndevu zimeota, hajawahi kukutana na mwiba wa samaki! Na mimi nikawa natamba mtaani kwamba wenzangu wanaficha watoto wao ndani, wangu anakula mnofu.

Kuna mwalimu mmoja nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Nilimuuliza waziwazi: kutembea, kupika, kushika hela, haya atajifunza lini? Akanijibu, "Mzee, wewe mwache asome. Hayo mengine huja yenyewe. Tena kuna sheria ya 2010, mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea anatakiwa awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kazi anayo huyo." Sheria ipo, hapo hakunidanganya. Ila sheria haimpeleki mtu chooni saa nane usiku. Na hilo "huja yenyewe", sijawahi kupewa ushauri wa bure ulionigharimu kama huo. Mwalimu, kama una akaunti humu, salamu zako ninazo, njoo uzichukue.

Chuo kikafika. Nikamchukua binamu yake, kijana wa miaka 21 aliyekuwa anashinda kijiweni, nikawapangia chumba uswahilini karibu na chuo, nikawa namlipa 100,000 kwa mwezi na chakula juu. Nikajiona nina akili za kuandikiwa kitabu. Mwezi wa kwanza mambo safi. Wa pili binamu akapata mchumba.

Sasa sikiliza hapa. Simu alikuwa anashika binamu. Meseji anasoma binamu. Namba ya siri anaijua binamu, kwa sababu mwenye simu hakuwahi kufundishwa kutoa hela mwenyewe. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likaingia, kijana wangu akaambiwa "limechelewa, vumilia". Wiki ya tatu anawasikia wenzake darasani wanasimulia walivyotumia la kwao. Akaelewa. Akanyamaza. Mimi nikipiga naambiwa "tunaendelea vizuri, baba", na sauti ni yake mwenyewe.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ningemsema, kesho yake nani angenipeleka choo?" Choo kilikuwa uani, ng'ambo ya kamba za nguo na shimo la taka.

Ijumaa moja binamu akaaga anakwenda dukani. Jumatatu nikapigiwa na mama mwenye nyumba. Mtoto kakaa siku tatu kwa nusu mkate na maji. Chini ya kitanda kuna mchele kilo tano, pembeni kuna jiko la gesi, mtungi umejaa. Mitihani ya majaribio ikampita, mwaka ukaahirishwa. Nilimfuata mwenyewe. Kwenye basi la kurudi Morogoro hakutamka neno mpaka tunafika Chalinze, ndipo akauliza polepole, "Baba, jiko la gesi linawashwaje?"

Nikanunua maji nisiyokuwa na kiu nayo, ili niangalie dirishani.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja asiyeona, anaishi peke yake na anapika vizuri kuliko sisi. Kitu cha kwanza aliishika ile fimbo nyeupe niliyonunua kwa kubahatisha, inaishia kiunoni, akacheka: "Hii ya kuchungia mbuzi." Fimbo inatakiwa ifike usawa wa mfupa wa kifua, la sivyo mtu anaujua mtaro akiwa ameshaingia. Akamfundisha kuizungusha: mguu wa kulia ukitangulia, ncha inagusa kushoto, wa kushoto ukitangulia, ncha inagusa kulia. Akamfundisha kukunja noti: elfu moja hazikunjwi, elfu mbili mara moja, elfu tano mara mbili, elfu kumi kwa urefu wake. Unazipanga ukiwa umetulia nyumbani, dukani vidole vinajua.

Wiki ya pili akasema, "Kesho aende akanunue chumvi. Peke yake." Duka liko mita kama 300, kuna kona mbili na bodaboda wasiojua kulia wala kushoto. Mke wangu alilia kama tuna msiba. Mimi nikajifanya mwanaume, nikamfuata kwa kunyata, najibanza nyuma ya miembe kama jasusi. Kona ya kwanza akasimama, hata hakugeuka: "Baba, ndala zako nazisikia. Rudi nyumbani."

Nikarudi. Dakika arobaini. Akaingia na muundi unavuja damu, mtaro alikuwa ameuonja, chumvi mkononi, chenji pungufu ya shilingi mia mbili. Kabla sijauliza akasema anajua imepungua, kesho anaifuata. Akaifuata kweli, na akaipata.

Kwa hiyo dada, chumvi kwanza, chuo baadaye. Mwezi mzima huu uliobaki binti aende dukani mwenyewe, alipe mwenyewe, arudi mwenyewe. Awashe jiko, apike wali, uungue, aule. Usimfuate, na kama huwezi kujizuia basi vua ndala. Najua utasema yule ni binti, mjini kuna hatari. Ndiyo maana sasa! Binti anayejua njia akiona mahali hapamfai, ananyanyuka anaondoka. Asiyejua njia anamngoja aliyemshika mkono, na huyo ndiye huenda ni hatari yenyewe. Mdogo wake ana miaka mingapi, kumi na saba? Na yeye ana maisha yake, usimfanye fimbo.

Namba ya siri iwe yake peke yake, hata wewe mama usiijue. Simu za Android zina TalkBack ndani yake, inamsomea kila anachogusa, avae tu spika za masikioni ili foleni nzima isisikie salio.

Kompyuta: yoyote ya Windows isiyojikokota, uweke NVDA, ni programu ya bure ya kusoma skrini. Usikubali muuzaji akakuuzia ya milioni mbili eti "maalumu kwa wasioona", kioo cha gharama hakimsaidii kitu asiyekiona.

Wa kwangu alirudi chuo mwaka uliofuata, peke yake. Sasa hivi yuko mwaka wa tatu, juzi kanitumia picha ya ugali kapika mwenyewe. Picha imekata ugali nusu, lakini sufuria naiona.

Kuhusu kozi watakuja wengine. Wewe nenda jikoni kaangalie, chumvi imeisha? Kama haijaisha, ifiche.