Una Mzigo Mzito na Hoteli Iko Mji Mkongwe? Uliza Kwanza Gari Linaishia Wapi

Ukitua Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, na masanduku mazito, na hoteli yako imo ndani ya Mji Mkongwe, barabara isikutie wasiwasi. Kutoka uwanjani mpaka mjini hazifiki kilomita 10: unapita Kiembe Samaki, Mazizini, Migombani na Kilimani, ukiiona Mnazi Mmoja umeshafika mjini. Kazi inaanza pale dereva anapozima gari na kukwambia mwisho wake ni hapo, na wewe hoteli huioni.

Mimi ni mkaazi wa Unguja, na ndugu zangu wengi wako Maskati na Dar es Salaam. Msimu wa harusi na sikukuu nyumba hujaa, basi wengine tunawatafutia vyumba vya hoteli mjini, na kuwapokea huwa ni jukumu langu. Ninachowasisitizia kila mara, kabla hata ya kukata tiketi, ni kuipigia simu hoteli na kuuliza mambo mawili: gari linaishia wapi, na chumba kiko ghorofa ya ngapi. Picha za mtandaoni hazikuonyeshi hayo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za mawe, chokaa na boriti, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama, na lifti ni chache. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo hakuna atakayebomoa ukuta ili sanduku lako lipite.

Jibu la swali la kwanza linategemea mtaa. Hoteli za Shangani na Baghani zina nafuu, kwa sababu Barabara ya Kenyatta inakufikisha karibu. Ukiwa unakwenda Hurumzi, mwambie dereva akushushe Forodhani, ila jua kwamba jioni pale panajaa watu na meza za wauza vyakula, na kupita na masanduku ni shida. Kwa Kiponda ni afadhali uingilie upande wa Malindi. Mkunazini unashukia Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, karibu na Soko la Darajani. Sokomuhogo ingilia upande wa Vuga. Kwa hiyo unapopatana na dereva wa teksi, usimtajie jina la hoteli peke yake. Mtajie mtaa na pahala pa kushukia, kisha mkubaliane bei ya gari zima pamoja na mizigo, kwa shilingi, kabla buti halijafunguliwa. Hoteli ikijitolea kukutumia gari, uliza kama dereva atakusindikiza mpaka mlangoni au atakuachia mizigo barabarani.

Daladala za uwanjani zipo, namba 505. Mwenye begi la mgongoni apande bila wasiwasi, nauli ni ndogo. Lakini sanduku la kilo 23 mle ndani litakaa miguuni mwa watu, na utingo ana haki ya kukudai nauli yake kwa kuwa limekula nafasi ya abiria. Na ukishuka bado una mwendo wa kutembea. Mimi simshauri mtu mwenye mizigo mizito.

Sasa vichochoro. Watu hudhani sanduku likiwa na magurudumu basi tabu imekwisha. Magurudumu madogo manne yanateleza vizuri kwenye sakafu ya uwanja wa ndege. Kwenye mawe ya Kiponda yananasa kila hatua, na mfereji mmoja wa maji unatosha kuling'oa moja. Masika ndiyo mbaya zaidi, maana dimbwi linaficha shimo. Tafuta hamali mwenye gari la mkono. Shangazi yangu alipokuja na masanduku matatu, tulimkuta mzee mmoja pale Malindi. Nikamuuliza, "Ami, mpaka Kiponda shilingi ngapi?" Akasema, "Tuuone mzigo kwanza." Akalinyanyua kila sanduku kidogo kwa mpini, akalilaza lile zito chini kabisa, juu ya ekseli, mawili mengine akayapandisha juu yake na kufunga kamba mara mbili kwa msalaba. Njiani alikuwa akiita "Hodi, hodi!" na waliokaa barazani wakikunja miguu apite. Kwenye kona kali alinyanyua nyuma ya gari, akaligeuza mkononi, akaendelea. Kazi ile ina ufundi na ina uzito, kwa hiyo msimpunje anayeifanya. Patana naye vizuri, na muulize kabisa kama bei ni ya mpaka mlangoni au na kupandisha ngazi, maana hizo ni kazi mbili. Weka noti ndogo ndogo tayari mfukoni.

Tembea nyuma ya mzigo wako, usitangulie. Vichochoro vina kona nyingi, na mgeni akipotezana na gari kwa kona moja tu huanza kumdhania hamali mambo yasiyokuwepo. Hati ya kusafiria, fedha na dawa vikae kwenye begi ulilovaa.

Jambo jingine ni upakiaji wenyewe. Masanduku mawili ya kilo 15 yana faida kubwa kuliko moja la 30, kwa sababu kila moja linapanda ngazi na mtu mmoja. Wanaounganisha kutoka Dar kwa ndege ndogo wanalazimika hata hivyo, kwani nyingi ya ndege hizo zinaruhusu kilo 15 tu na zinataka begi laini. Na kama unalala mjini usiku mmoja kisha unakwenda Nungwi au Paje, usiingize shehena nzima vichochoroni. Funga begi dogo la usiku mmoja, na yale makubwa yaache kwa jamaa anayekaa nje ya Mji Mkongwe, penye barabara.

Siku ya kuondoka ndiyo inayosahauliwa. Ndege ya asubuhi inakutaka utoke hotelini mapema, na saa hizo mahamali huwaoni barabarani. Ongea na mmoja tangu jana yake, au waombe watu wa mapokezi wakuwekee. Ukichagua baada ya sala ya Alfajiri ni vizuri, watu wameshaamka na njia ni nyeupe. Teksi nayo ipe miadi ya pale pale gari la mkono linapoishia, na hamali na dereva kila mmoja awe na namba ya simu ya mwenzake.