Ukitaka kuandika njama za kisiasa, anza na wachoma mkaa wa Ndola

Mdogo wangu, umeuliza kama mwandishi wa siasa anayevutwa na habari za njama anaweza kujenga jina, au ataishia kuitwa mzushi. Anaweza. Mtazame mwanahistoria Susan Williams. Kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, Septemba 1961, kilizungukwa na uvumi kwa miaka hamsini. Williams hakuutia chumvi. Alipekua nyaraka, akarudi kwenye maneno ya mashahidi, wakiwemo wachoma mkaa Waafrika waliosema waliona ndege ya pili angani. Uchunguzi wa wakoloni uliwapuuza watu hao, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Kitabu chake kilitoka 2011. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukamteua Jaji Mohamed Chande Othman, wa hapa kwetu Tanzania, kuongoza jopo la kupitia ushahidi mpya.

Kwa hiyo nunua daftari. Ukurasa wa kushoto andika ulichokiona au kukisoma mwenyewe, na nani alikisema, lini. Wa kulia andika unachokishuku. Usiruhusu sentensi ivuke kutoka kulia kwenda kushoto bila karatasi au shahidi. Na tafadhali, kazi yako ya mshahara usiiache bado. Nyaraka za aina hii hula miaka, na mwenye njaa huharakisha hitimisho.