Rubani wa jeshi la Marekani: chuo kipi, njia ipi?

Mwezi huu tumejibu barua za wasomaji wetu walioko Marekani, wazazi na vijana, wanaouliza namna ya kupita chuoni hadi kwenye urubani wa kijeshi. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Ndugu mhariri, binti yangu yuko darasa la 11. Anataka kurusha ndege za kivita, hataki kusikia lingine. Mshauri wa shule ametutajia Chuo cha Jeshi la Anga, ROTC ya vyuo vikuu, na kumaliza digrii kwanza ndipo aombe. Tuchague kwa kigezo gani?

JIBU: Njia zote tatu zinaishia pamoja: digrii ya kwanza, kamisheni ya Luteni Usu, kisha shule ya urubani kwa aliyepata nafasi. Kwa hiyo msianze kwa kulinganisha majina ya vyuo. Chukueni karatasi, na kwa kila njia andikeni tarehe mbili: siku anayojifunga kwa jeshi kisheria, na siku anayojulishwa kama amepata nafasi ya urubani. Ipi inatangulia? Hapo ndipo njia hizi zinapoachana, na ndipo vijana wengi wanapoumia, kwa sababu walisaini wakidhani urubani umo ndani ya mkataba.

Chuo cha Jeshi la Anga kiko Colorado Springs. Ada, malazi na chakula havilipiwi, na mwanafunzi hupata posho. Anaweza kuondoka bila deni katika miaka miwili ya mwanzo. Akianza masomo ya mwaka wa tatu, amefungwa. Nafasi ya urubani anaijua baadaye. Faida yake kubwa ni kwamba chuo hiki hupewa mgawo mnono wa nafasi za urubani ukilinganisha na idadi ya wahitimu wake. Ugumu uko mlangoni. Lazima awe hajaolewa, hana mtoto wa kumtegemea, na ateuliwe na mtu mwenye mamlaka hayo. Aombe uteuzi kwa maseneta wote wawili wa jimbo lake, kwa mjumbe wake wa Bunge la Wawakilishi na kwa Makamu wa Rais, wote kwa pamoja, maana kila mbunge ana nafasi zisizozidi tano za wanafunzi wanaohesabiwa kwake chuoni kwa wakati mmoja. Ofisi nyingi hufunga maombi katika majira ya vuli ya darasa la 12. Familia inayoanza kuulizia Januari ya mwaka huo imechelewa mwaka mzima.

ROTC ya Jeshi la Anga ni mafunzo ya uafisa ndani ya chuo kikuu cha kawaida. Asiye na ufadhili wa jeshi hana kifungo chochote kwa miaka miwili ya kwanza: anahudhuria madarasa, mazoezi na gwaride, na siku akiona hapamfai anaondoka. Baada ya mwaka wa pili, wanaochaguliwa huenda mafunzo ya kiangazi katika kambi ya Maxwell, Alabama. Wakirudi husaini mkataba, na katika mwaka wa tatu majina yao hupelekwa mbele ya bodi inayogawa nafasi za kuruka. Angalieni mpangilio huo: mkataba kwanza, nafasi baadaye. Akikosa urubani anaweza kupewa kurusha droni, au kazi ya afisa wa mifumo ya mapigano ndani ya ndege, au kazi ya ardhini kabisa, na bado atatumikia: miaka 4 kwa kazi ya ardhini, miaka 6 kwa droni au mifumo ya mapigano.

Anayemaliza digrii kwanza huomba shule ya maafisa ya OTS, nayo iko Maxwell. Hapa mpangilio unageuka: bodi humchagua kuwa rubani kabla hajala kiapo. Asipochaguliwa, anaendelea na maisha yake. Tatizo ni kwamba OTS ndiyo bomba ambalo jeshi hulifungua na kulikaza kulingana na mahitaji ya mwaka, hivyo idadi ya nafasi hupanda na kushuka sana.

Ipo pia njia ambayo washauri wa shule huisahau. Vikosi vya Akiba vya Jeshi la Anga na vya Walinzi wa Taifa huajiri marubani wao wenyewe. Mwombaji hutuma maombi kwa kikosi chenye ndege anayoitaka, iwe ya kivita au ya mizigo, anafanyiwa usaili na marubani wa pale, na akikubaliwa ndipo anapelekwa OTS na shule ya urubani. Ni njia pekee ambayo kwa kawaida mtu anajua mapema atarusha ndege gani. Wanaofaulu huwa wamekitembelea kikosi mara kadhaa na wana angalau mwanzo wa leseni ya urubani binafsi.

Kwa binti wa darasa la 11, ushauri wetu ni huu: aombe Chuo cha Jeshi la Anga na ufadhili wa ROTC kwa wakati mmoja, na OTS na vikosi vya akiba viwe mpango wa pili baada ya digrii. Lakini kabla ya karatasi yoyote, mkae naye mumuulize: ukikosa urubani, utaridhika kuwa afisa wa vifaa au wa mawasiliano? Akisema hapana, na akimaanisha, basi afuate njia ambazo nafasi hutangulia saini.

Na ajue urefu wa safari. Rubani wa Jeshi la Anga hudaiwa miaka 10 ya utumishi, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapomaliza shule ya urubani, si siku ya kamisheni.

SWALI: Nimepata ufadhili wa ROTC ya Jeshi la Majini katika chuo cha gharama kubwa, nikasomee uhandisi. Pia nimekubaliwa chuo cha jimbo bila ufadhili, na karibu yake kuna ROTC ya Jeshi la Anga. Nataka kuwa rubani. Nichukue ufadhili?

JIBU: Ufadhili ni wa ada. Nafasi ya urubani ni shindano jingine, na aliyefadhiliwa hatangulizwi kwa sababu ya ufadhili wake.

Jiulize kwanza kama unataka urubani wa Jeshi la Majini. Marubani wao hutua kwenye manowari za kubeba ndege, na wengine wengi hurusha helikopta au ndege za doria. Mafunzo huanzia Pensacola, Florida, na kazi yenyewe ni miezi mingi baharini. Kama moyo wako uko kwenye ndege za kujaza mafuta angani, au kwenye ndege za kudondosha mabomu za masafa marefu, hizo ni za Jeshi la Anga.

Kisha tazama masomo. Mwanafunzi wa ufadhili wa Jeshi la Majini lazima asome kalkulasi na fizikia ya kalkulasi hata kama digrii yake ni ya historia. Walio upande wa Marine Corps (askari wa majini wanaopigana nchi kavu) hawalazimishwi. Mwaka wa kwanza unaweza kujitoa bila kulipa. Ukianza mwaka wa pili umefungwa, ilhali mgawo wa kazi utaujua mwaka wa mwisho.

Upande wa Jeshi la Anga bodi huangalia mambo kadhaa, lakini kwa muda mrefu yenye uzito kuliko yote imekuwa daraja unalopewa na mkuu wa kikosi chako cha chuoni ukilinganishwa na wenzako. Mengine ni GPA (wastani wa alama zako za masomo), mtihani wa viungo, mafunzo ya kiangazi na alama ya urubani iitwayo PCSM, tutakayoieleza hapa chini. Bodi haikupi nyongeza kwa kuteseka na uhandisi. Mwenye 3.7 katika jiografia anampita mwenye 2.8 katika uhandisi wa anga. Soma unachokipenda na unachoweza kukifaulu.

Swali la mwisho ni umbali. Kikosi kimoja cha ROTC huhudumia vyuo kadhaa vya jirani, kwa hiyo chuo chako kinaweza kuwa na haki ya ROTC bila kuwa na kikosi ndani yake. Pima safari ya saa kumi na moja alfajiri siku za mazoezi, si ile ya mchana. Wanaoishi mbali huchelewa, hawaonekani kwenye shughuli za ziada, na mkuu wa kikosi humpa daraja mtu anayemfahamu.

Kama fedha zinaruhusu na moyo wako uko Jeshi la Anga, tungechagua chuo cha jimbo. Kama bila ufadhili utaishia kwenye madeni makubwa, chukua ufadhili, ila kwa macho mawili.

SWALI: Mitihani ya urubani ni ipi, na naweza kurudia?

JIBU: Jeshi la Anga lina AFOQT, mtihani wa wanaotaka uafisa, na jaribio la kompyuta liitwalo TBAS. Sehemu ya rubani ya AFOQT hutokana na hisabati, usomaji wa majedwali, usomaji wa vyombo vya ndege, na maarifa ya urukaji. Majedwali ni maswali 40 kwa dakika 7, kwa hiyo kinachopimwa ni kasi, na kasi huja kwa mazoezi ya saa mkononi. Vyombo vya ndege ni maswali 25 kwa dakika 5: fanya mazoezi mpaka uone dira na kionyesha mlalo na kuijua ndege imeelekea wapi bila kufikiri. TBAS hutumia usukani wa mkono na pedali, na kuna wakati unafuata shabaha huku masikio yanasikiliza herufi na namba. Alama hizo mbili zikichanganywa na saa zako za kuruka hutoa PCSM, ya 1 hadi 99. Saa husaidia hadi kiwango fulani, kisha hazina faida tena.

Jeshi la Majini na Marine Corps hutumia ASTB. Unaruhusiwa mara tatu tu maishani, na baada ya jaribio la kwanza unasubiri siku 30. Jeshi la Nchi Kavu lina SIFT: alama ya kufaulu ni 40, mara mbili maishani, na ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili kupandisha alama. Anayeingia SIFT "kujaribu tu" na kupata 42 amebaki na 42 yake daima.

SWALI: Je, Marine Corps wana ROTC yao?

JIBU: Wanapitia ile ya Jeshi la Majini. Lakini angalia mpango wao wa uafisa uitwao PLC: unasoma chuo chochote bila sare wala gwaride, na mafunzo yanafanyika kiangazi Quantico, Virginia, ama wiki sita mara mbili au wiki kumi mara moja. Mkataba wa PLC unaweza kuwa na dhamana ya urubani iliyoandikwa mapema. Hiyo ndiyo sababu tunaipenda. Baada ya kamisheni kila afisa, rubani akiwemo, hupita shule ya msingi ya uongozi wa askari kwa miezi sita kabla ya kugusa ndege.

SWALI: Navaa miwani, na nilikuwa na pumu utotoni. Nimekwisha?

JIBU: Hapana. Jeshi la Anga hukubali macho ya 20/70 kwa mbali yanayosahihishwa kwa miwani hadi 20/20, yaani uoni wa kawaida. Upasuaji wa leza unaweza kukubaliwa, ila tunza vipimo vya kabla ya upasuaji, maana bila hivyo faili lako litakwama. Kutotofautisha rangi ni kikwazo kigumu zaidi. Pumu inayohesabiwa ni ile iliyogunduliwa au kutibiwa baada ya kutimiza miaka 13, na hata hiyo huombewa msamaha.

Usichanganye vipimo viwili. Kile cha DoDMERB, bodi ya afya ya Wizara ya Ulinzi, ni cha kuingia ROTC au chuo cha jeshi. Cha urubani huja baadaye na ni kikali zaidi. Kamuone mapema daktari wa macho akupime kwa viwango vya urubani. Usifiche kitu: dawa ulizoandikiwa zina kumbukumbu, na uongo kwenye fomu huua kamisheni ambayo pumu yenyewe isingeiua.

SWALI: Mwanangu ana kadi ya ukazi, hajawa raia. Anaweza?

JIBU: Hakuna kamisheni ya afisa bila uraia wa Marekani, wala ufadhili wa ROTC. Mkuu wa kikosi aelezwe hali hiyo siku ya kwanza. Lakini, mzazi, huenda ufunguo uko mkononi mwako. Mtoto mwenye kadi ya ukazi anayeishi na mzazi wake huwa raia moja kwa moja mzazi huyo akiapishwa uraia kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Akivuka umri huo, itambidi aombe mwenyewe, kwa kawaida baada ya miaka mitano ya ukazi. Mtanzania azingatie pia kwamba sheria ya nyumbani hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kama una sifa, peleka sasa fomu ya kuomba uraia, N-400, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka 18, na siku ya kiapo chako ikipita mwombee pasipoti ya Marekani ili awe na ushahidi mkononi anapojaza fomu za chuo.